Kifua kwa Kifua: Kumshika Mtoto Ngozi kwa Ngozi Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mtoto akitolewa thieta baada ya upasuaji wa moyo, mama yake husimama kando ya kitanda akiwa amefumbata mikono, kama mgeni aliyeambiwa asiguse vyombo vya wenyewe. Nimekuwa muuguzi wa watoto hapa Nairobi kwa miaka mingi na bado sijazoea kumwona mama akisimama hivyo. Mtoto ana mrija wa kupumulia mdomoni, dripu shingoni, mirija miwili ya kutoa maji chini ya kidari, nyaya za monita kila upande na plasta ndefu katikati ya kifua. Baada ya muda mama huuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nitamshika lini?"

Mara nyingi atamshika mapema kuliko anavyodhani. Na namna nzuri ya kumshika ni kumlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na nepi na kofia tu. Siku ya kuanza huamuliwa na daktari wa mtoto wako. Hapa naeleza hatua zenyewe, ili daktari akisema "leo inawezekana" usikutwe hujajiandaa.

Kabla ya yote, shika neno moja. Kukaa na mtoto kifuani si jambo la kutisha kama watu wanavyodhani. Cha kuogopa ni zile dakika mbili tatu za kumtoa kitandani, na nyingine mbili tatu za kumrudisha. Hapo ndipo mirija huvutika na mtoto huchoka. Kwa hiyo mhamishe mara chache, ukae naye muda mrefu. Karibu kila hatua iliyo hapa chini imetokana na hilo.

Kwa nini kifua

Wengi wamesikia habari za kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Zilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi na mashine chache za kuwatia joto, na daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto kwenye vifua vya mama zao. Jaribio lililofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, likachapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya watoto wadogo kwa uzito kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza watoto wa aina hiyo wakae kifuani kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Mtoto wa moyo ni habari nyingine, na sitaki kukuchanganyia. Tafiti zinazomhusu ni ndogo, zenye watoto wachache. Zinachoonyesha ni kwamba mtoto ambaye hali yake imetulia baada ya upasuaji huendelea kuwa ametulia akiwa kifuani; mapigo, pumzi na oksijeni haviharibiki. Mimi mwenyewe nimeona zaidi ya hapo kitandani kwa mgonjwa, lakini nakueleza kwanza lile linalojulikana.

Sababu yake ukiifikiria ni nyepesi kuelewa. Moyo uliotoka kushonwa hautaki kazi ya ziada. Mtoto akipata baridi, mwili wake hutumia oksijeni nyingi kujipasha joto, na mzigo huo huangukia moyo. Akilia mfululizo, ni vivyo hivyo. Kifua cha mzazi kinampa joto la wastani, kinapunguza kilio, kinamfanya avumilie maumivu vizuri zaidi, na kwa mama, kinayaita maziwa.

Anza kwa kuuliza

Hospitali za Nairobi zinazopasua mioyo ya watoto ni za kuhesabika, Kenyatta na Mater zikiwa miongoni mwao. Ndiyo maana wodini utamkuta mzazi wa Kayole, hapa hapa Nairobi, ameketi na mzazi wa Lodwar, mbali kaskazini mwa Kenya. Yule wa Lodwar amefikia kwa binamu yake Githurai, anapanda matatu mbili kufika hospitalini, na foleni ikimshika njiani hukuta saa ya kuona wagonjwa imebaki nusu. Nusu saa haitoshi kwa kazi hii. Ukimtoa mtoto na kumrudisha ndani ya nusu saa, umempa uchovu wa kuhamishwa mara mbili bila pumziko la katikati.

Kwa hiyo usingoje kuambiwa. Siku ya kwanza baada ya thieta muulize muuguzi wa mtoto wako: hapa mnaruhusu ngozi kwa ngozi? Mtoto wangu afike hali gani ndipo niruhusiwe? Naweza kuja nje ya saa za kuona wagonjwa, na nani wa kuniandikia ruhusa? Uliza kwa heshima, na kesho uulize tena, kwa sababu zamu hubadilika na aliyekujibu leo huenda asiwepo. Mama anayeuliza si msumbufu. Daktari akipita na kusikia swali hilo mara tatu, ataliweka kwenye mpango wa siku.

Kuna siku utakataliwa, na usibishane. Pengine kifua kimeachwa bila kufungwa kwa siku kadhaa ili uvimbe upungue. Pengine mtoto yuko kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, au bado anatoka damu kwenye mirija, au mapigo hayajakaa sawa, au dawa za kushikilia presha zinaongezwa kila mara. Mrija wa kupumulia peke yake, katika wodi zilizozoea, hauzuii. Mirija ya kifuani pia haizuii.

Siku hizo za kukataliwa mikono yako bado ina kazi. Nawa mpaka kwenye viwiko, kausha, pasha viganja joto. Weka kimoja juu ya kichwa cha mtoto na kingine kwenye nyayo zake, kisha tulia. Usimpapase wala usimsugue. Mtoto mgonjwa husumbuliwa na mkono unaotembea, bali mkono uliotulia humtuliza. Zungumza naye kwa sauti ya kawaida. Sauti yako aliizoea tangu tumboni.

Siku yenyewe: mwili wako na nguo zako

Oga kwa maji na sabuni ya kawaida. Usijipake manukato, poda wala mafuta yenye harufu kifuani. Vua mkufu, saa, pete na hereni zinazoning'inia, kata kucha, funga nywele. Ukiwa na mafua, kikohozi, kuhara au malengelenge mdomoni, mwambie muuguzi kabla hujaingia. Najua uchungu wa kukosa zamu yako baada ya kungoja wiki nzima, lakini mafua yako madogo yanaweza kumrudisha mtoto huyu kwenye mashine. Baba yake achukue nafasi siku hiyo.

Kula ushibe. Kunywa maji. Kamua maziwa. Choo kiwe cha mwisho kabisa, kwa kuwa ukishakaa hutainuka kwa saa moja au mbili.

Kuhusu mavazi, usinunue kitu cha bei. Shati la kiume la pamba, la vifungo mbele, kubwa kuliko mwili wako, ndilo vazi bora nililowahi kuliona kwa kazi hii, na kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi utalipata kwa bei nafuu. Lifue, lipige pasi. Vua sidiria. Chukua leso moja safi ya kufunika mgongo wa mtoto, na marvini yake ya kichwani. Simu izime, au mwachie mtu.

Kiti na mirija

Kiti kiwe na mikono na mgongo unaoweza kulala kidogo, na kiwekwe upande ilipo mashine ya kupumulia ili mrija usikatize juu ya mtoto. Hayo atayapanga muuguzi. Wewe kazi yako ni kuhesabu.

Ndiyo, hesabu. Mwombe akutajie kila kitu kilichounganishwa na mtoto, kimoja kimoja: mrija wa kupumulia, mpira wa kulishia unaopita puani, dripu ya shingoni, mrija mdogo wa mkononi unaopima presha, mirija ya kifuani, nyaya nyembamba za betri ya nje inayosaidia mapigo, mpira wa mkojo, waya za monita. Kwa kila kimoja uliza: nani atakishika tukiinuka, na kitabandikwa wapi tukishakaa? Si kwamba unamfundisha kazi. Macho manne yanaona kuliko mawili.

Nina sababu ya kusisitiza hili. Katika wodi moja niliyofanya kazi zamani tulimhamisha mtoto vizuri kabisa, mama akakaa, sote tukafurahi. Chupa ya mrija wa kifuani ilikuwa imebaki upande wa pili wa kitanda. Mama alipoegemea nyuma, mrija ukakazika na plasta ikang'oka nusu. Mrija wenyewe haukutoka, namshukuru Mungu, lakini mtoto alilia kwa maumivu na mama akakataa kumshika kwa siku mbili, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuumiza. Kosa lilikuwa letu wauguzi. Tangu siku ile, kwangu chupa huhama kwanza, mtoto baadaye.

Chupa hiyo isimame wima, na wakati wote iwe chini kuliko kifua cha mtoto, kwa sababu ikiinuliwa juu yake maji yanaweza kurudi ndani. Wageni wasiipige teke.

Uliza pia saa ya dawa ya maumivu. Mtoto ahamishwe dawa ikiwa imeshaanza kufanya kazi, isiwe inaelekea kuisha.

Kumtoa kitandani

Hapa usiharakishe. Mtoto asiye na mrija wa kupumulia anahitaji muuguzi mmoja na mzazi. Mwenye mrija anahitaji wahudumu wawili, na bora watatu. Mmoja tu ndiye anayetoa amri, naye ni yule aliyeshika mrija wa kupumulia. Anahesabu moja, mbili, tatu, na wengine wote wananyamaza.

Jinsi ya kumnyanyua ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mzazi aikariri, maana ataitumia kwa wiki nyingi. Mkono mmoja upite chini ya kichwa, shingo na mabega. Mwingine chini ya matako. Anyanyuliwe mzima mzima kama mtu anayechota unga kwa viganja viwili. Usimshike makwapani kamwe, wala usimvute kwa mikono. Katika upasuaji mwingi wa moyo mfupa wa kidari hukatwa katikati na kufungwa tena, na huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kushikana. Ukimwinua kwa makwapa unavuta pande mbili za mfupa ambao unajaribu kuungana. Kama mkato wake uko ubavuni, kama inavyokuwa kwa watoto wengi waliofungwa mshipa uliobaki wazi baada ya kuzaliwa, kidari hakikuguswa, lakini hata huyo mkono wa upande wa mshono usivutwe.

Zipo njia mbili za kumhamisha. Ya kwanza ni ya kusimama. Unasimama karibu kabisa na kitanda, shati wazi, unainama mpaka kifua chako kimfikie mtoto. Muuguzi anamnyanyua na kumweka kifuani; wewe unamkinga kwa mikono miwili, kichwani na matakoni. Mnainuka pamoja pole pole, wahudumu wakiwa na mirija mikononi, unarudi nyuma mpaka miguu iguse kiti, unakaa. Naipenda njia hii kwa mtoto mwenye mashine, kwa sababu hakai hewani. Anatoka godoroni kwenda kifuani moja kwa moja.

Ya pili ni ya kukaa: wewe umeshaketi, muuguzi anakuletea. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na bado ana mshono achague hii. Nimeona akina mama wakiinama huku wameuma meno kwa sababu wanaona aibu kusema kwamba tumbo linauma. Sema. Nawe ni mgonjwa unayepona.

Wakati wa kuhama, oksijeni inaweza kushuka kidogo na mapigo kupanda. Mara nyingi hurudi ndani ya dakika tano hadi kumi. Muuguzi atasimama hapo na kuangalia. Usimwombe amrudishe mtoto kitandani kwa sababu ya mlio wa kwanza. Kumrudisha upesi ni kumhamisha mara ya pili kabla hajapumzika.

Mkao wenyewe

Wewe umeegemea nyuma, nusu kukaa nusu kulala. Mtoto amesimama wima kati ya matiti yako, kifua chake juu ya chako, miguu imekunjwa kama ya chura, mikono imekunjwa karibu na uso. Kichwa kimegeukia upande mmoja, upande ulipo mrija wa kupumulia kama anao. Kidevu kiinuke kidogo tu: kikiangukia kifuani njia ya hewa hujikunja, na kikisukumwa nyuma sana pia hubana. Pua na mdomo uvione wakati wote.

"Si nitaumiza kidonda?" Kila mama huniuliza. Plasta inakaa kati yenu, na uzito wa mtoto umegawanyika mwili mzima, haujakaa pahali pamoja. Kinachoumiza ni kubana. Kwa hiyo usimfunge kwa leso ukaikaza kama unavyomfunga mgongoni. Funga vifungo vya shati juu yake, tandaza leso mgongoni mwake, weka mkono mmoja chini ya matako na mwingine nyuma ya mabega, basi. Kama mirija ya kifuani inambonyeza, muuguzi atamgeuza kidogo ubavu ubavu na kuweka kitambaa laini kilichokunjwa kandokando.

Baada ya hapo usifanye kitu. Nasema hivyo kwa makusudi. Akina mama wetu wamezoea kubembeleza, kupigapiga mgongo, kutikisa. Mtoto huyu anataka mapigo ya moyo wako na pumzi yako tu. Ukitaka kuimba, imba chini chini. Ukitaka kusali, sali. Kaa angalau saa moja, maana huo ndio muda anaohitaji mtoto mchanga kulala usingizi mmoja kamili, na kama wewe na yeye mko sawa, endeleeni. Saa mbili ni bora kuliko saa moja. Chakula cha kupitia mpira wa puani kinaweza kutiririka akiwa hapo hapo kifuani.

Cha kuangalia

Muulize daktari namba za mtoto wako na uziandike kwenye karatasi. Usilinganishe na kitanda cha jirani. Mtoto ambaye moyo wake una chumba kimoja tu cha kusukuma damu, akiwa amefanyiwa hatua ya kwanza ya upasuaji, anaweza kuwa sawa kabisa na oksijeni kati ya 75 na 85, namba ambayo kwa mtoto aliyezibwa tundu la moyoni ingewatia madaktari mbio.

Mashine ikilia, mtazame mtoto kwanza, kisha mashine. Mara nyingi ni waya uliochomoka. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi upesi rangi ya ukosefu wa oksijeni, kwa hiyo tazama ulimi, fizi na ndani ya midomo. Mwite muuguzi papo hapo ukiona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, pua zinatanuka, anaguna, jasho linamtoka kipajini akiwa ametulia, amelegea kuliko kawaida, au miguu imekuwa baridi na ngozi ina madoadoa. Joto la kwapani linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akipata joto kupita kiasi toa leso, kisha kofia. Joto likizidi, moyo hufanya kazi zaidi kama vile kwenye baridi.

Usingizi ukikushika mwambie muuguzi. Umekesha siku nyingi, si ajabu. Kulala na mtoto kifuani kwenye kiti bila mtu anayewaangalia hapana, iwe hospitalini au nyumbani.

Kumrudisha hufuata hatua zile zile kinyumenyume, chupa ikihama kwanza. Baada yake muuguzi ahesabu tena mirija yote na kuangalia plasta ya kidonda. Kama plasta imelowa jasho, ibadilishwe.

Maziwa

Kamua mara tu baada ya kumrudisha, matiti yakiwa bado yamejaa hamu ya mtoto. Mama wengi hupata maziwa mengi zaidi wakati huo kuliko saa nyingine yoyote. Kwa siku lenga mara nane au zaidi, usiku ukiwamo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne nje, siku nne kwenye friji, na miezi sita kwenye friza. Ukiwa unakaa kwa ndugu ambako tokeni za stima huisha bila taarifa, peleka maziwa wodini siku ile ile.

Wakati mwingine baada ya upasuaji maji ya kwenye chupa ya kifua hugeuka meupe kama maziwa. Maana yake mafuta ya chakula yanavujia kifuani kupitia mishipa ya limfu. Daktari anaweza kusimamisha maziwa ya kawaida kwa wiki kadhaa na kumpa mtoto maziwa maalum yenye mafuta kidogo sana. Mama mmoja alipoambiwa hivyo aliacha kukamua siku hiyo hiyo, akidhani maziwa yake ndiyo sumu. Usiache. Endelea kukamua, gandisha, weka tarehe. Na kifuani endelea kumweka kama daktari hajakataza.

Baba, na nyanya

Baba ana joto la kutosha. Nywele za kifuani si tatizo, asinyoe maana kunyoa huacha michubuko. Kama anavuta sigara, aoge, abadilishe nguo zote, na kwa kweli aache. Nawaambia akina baba hivi: mama ana mshono, ana matiti ya kukamua, ana miguu iliyovimba, wewe una kifua kizima na saa ya jioni baada ya kazi. Wengi huja wakiwa wagumu wametazama chini, na nusu saa baadaye hawataki kuguswa bega.

Nyanya naye akiruhusiwa na wodi ni sawa. Ila kwake kuna mazungumzo mengine, ya nyumbani.

Mkisharuhusiwa kwenda nyumbani

Endelea na ngozi kwa ngozi kila siku, hasa Juni, Julai na Agosti, Nairobi inapokuwa na baridi ya kuingia mifupani. Nyumba ikiwa baridi, mtu huwaza jiko la makaa chumbani. Usithubutu. Hewa ya makaa huua watu wazima waliofunga madirisha, na mtoto huyu hana akiba. Kifua chako na blanketi juu ya migongo yenu wawili vinatosha.

Nyanya atataka kumkanda kwa mafuta na kumnyoosha viungo kama alivyowakanda nyinyi wote. Mkalishe, mweleze kwa adabu: "Mama, mfupa wa kifua ulikatwa, bado haujashikana. Tungoje daktari." Mwonyeshe kunyanyua kwa viganja viwili, umwachie ajaribu mbele yako. Akishajua atawafundisha wengine wote, kuliko ambavyo ungewafundisha wewe. Kidonda kisipakwe chochote ambacho hospitali haikutoa, hata mafuta ya kujipaka. Wageni wanawe mikono, na wenye mafua wasalimie mlangoni.

Kwenye matatu mtoto akae mapajani mwako akikuelekea, nje ya saa za msongamano, na mwombe makanga akupe kiti kabla gari halijaondoka. Bodaboda hapana. Usiku alale peke yake, chali, kwenye godoro gumu kidogo lisilo na mito.

Rudi hospitalini bila kungoja siku ya kliniki akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikitoa usaha au kikiwa chekundu na moto, ukisikia kidari kikigongana ukimnyanyua, akichoka au kutoka jasho anaponyonya, au akipumua haraka akiwa amelala.

Kumbeba mgongoni kwa leso ndilo jambo ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, na ndilo nililo mkali nalo. Leso ikikazwa mgongoni hubonyeza kidari moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wako, na mikono ya mtoto huvutwa kandokando. Ngoja. Siku daktari wa kliniki atakapomgusa kidari na kusema mfupa umeshikana, muulize hapo hapo kuhusu mgongoni. Akikubali, anza ndani ya nyumba, dakika kumi, leso ikiwa imelegea, kabla hujaenda naye sokoni.